Risasi Isiyo na Marisau

Gueydan, Louisiana
12 Februari 1994

Bwana Merle Kuhlmann,

Jina lako nimelipata mwisho wa jarida la wakusanyaji, kwenye tangazo lako: "Nabadilishana risasi za zamani za bunduki ya marisau. Wapiga porojo wasijisumbue." Nimekaa na barua hii juma zima nikiogopa kwamba huenda mimi ni mpiga porojo.

Huku kwetu ni mashamba ya mpunga na vinamasi. Mabata mnaowakosa ninyi Novemba, sisi tunawakosa Desemba. Mjomba wangu Clebert anawinda. Mimi siwindi, mlio unanitisha. Ninachokipenda ni risasi yenyewe, hasa zile za mwanzo za karatasi, wakati kila kiwanda kilikuwa kinabahatisha. Huyu anaificha fataki ya kuwashia baruti ndani ya kitako, yule anachomoza pini ubavuni, mwingine anajaza kitako karatasi zilizopondwa. Nikizitazama naona kama watu wanaobishana bila kupandishiana sauti.

Nakueleza jambo moja mapema usije ukalijua baadaye ukachukia: mimi huzikata. Mjomba hutoa baruti kwanza, halafu nazipasua kwa urefu kwa msumeno mdogo wa sonara, nagundisha nusu ubaoni na kuichora. Sijapata ya karatasi yenye fataki ya ndani. Hata iliyopasuka ningeshukuru. Mimi nina maganda ya shaba ambayo mjomba aliyaokota chini ya sakafu ya nyumba ya babu yake. Yamefanya kutu ya kijani. Moja nimelisugua, linang'aa kama kijiko.

Wako,
O. Meaux


Havana, Illinois
21 Februari 1994

Bwana Meaux,

Umelisugua. Mungu akusamehe, maana mimi wiki hii sina nafasi hiyo moyoni. Ile kutu ndiyo umri wenyewe. Ukishaiondoa umebaki na kijiko kweli. Usiyaguse yaliyobaki hata kwa kidole chenye jasho. Na za karatasi usizitie kwenye mifuko ya plastiki, zitavimba kama maiti ya majini. Zivingirishe kitambaa cha pamba, weka mahali pakavu, ingawa nasikia huko kwenu pakavu hakuna.

Halafu unazikata! Nilifoka mpaka mke wangu Arlene akaja mbio kutoka jikoni na unga mikononi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kuna bwana mmoja wa Louisiana anapasua risasi kama samaki."

"Afadhali yeye, anajua zina nini tumboni. Wewe unazitazama tu kwenye kioo cha kabati."

Akarudi zake jikoni. Nimeishi na ulimi huo tangu nilipotoka jeshini.

Nakutumia moja ya karatasi, fataki ndani, kitako kimepasuka, haifai kukaa mbele za watu. Inakuja kwa kampuni ya vifurushi kwa sababu posta hawataki hata kulisikia neno baruti. Ikate. Lakini huo mchoro nitumie, nione kama unajua unachokitazama au unaharibu tu. Na maganda mawili ya shaba, ambayo hujayaosha.

Mwandiko wako ni wa mwalimu. Wewe ni mwalimu?

M. Kuhlmann


Gueydan
9 Machi 1994

Bwana Kuhlmann,

Mchoro huu hapa. Tazama pale kitakoni: fataki imelala ndani ya kikombe, na mbele yake kuna fuawe dogo la chuma, dogo kuliko punje ya mchele, ili ikigongwa isipate pa kukimbilia. Na karatasi iliyojaza kitako si karatasi tupu. Nilipoikunjua nilikuta herufi. Mtu wa kiwandani alichukua gazeti la siku hiyo akaliviringisha. Nimesoma neno "kiatu" na nusu ya jina la mwanamke.

Niliketi pale nikalia kidogo, sijui kwa nini. Mjomba akasema, "Tazameni! Mtu mezani hatamki hata 'nipe chumvi', lakini kwa bwana wa Illinois anajaza kurasa nne, na kwa gazeti bovu anatoa machozi."

Kuhusu swali lako, ndiyo, siku zangu zote zinaishia shuleni. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kiingereza, na Kifaransa chetu ambacho mjomba alichapwa fimbo kwa kukisema uwanjani mwa shule hiyohiyo. Nazijua zote mbili na zote mbili nazinyamazia. Nikiitwa nisome mbele ya watu, sauti haitoki. Huwa nasikika kwenye karatasi tu.

Ni haya tu. Porojo, nadhani.

O. Meaux


Havana
30 Machi 1994

Rafiki Meaux,

Mchoro wako nimeubandika ukutani juu ya kabati. Nilikuwa na nia ya kuukosoa, nimekosa pa kuanzia.

Nyumba hii ilikuwa na mtu anayechora namna hiyo. Mwanangu Lyle. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za chini anachora mabawa ya bata, bawa moja siku nzima, mpaka mama yake anamwita mara tatu kula. Alifariki Aprili iliyopita. Ugonjwa wa damu, na alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu. Alitaka kuzikwa kwa namna yake, na wenzake wa kinamasini wakamtimizia, karibu yote. Mama yake alitaka jiwe lenye jina uwanjani mwa kanisa. Jambo hilo halizungumzwi hapa. Tunazungumza bei ya mahindi.

Sikuandikii haya unipe pole. Nakuandikia kwa sababu hunijui na huwezi kunitazama usoni nikiwa nayasema.

Sasa sikia. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na juma la pili la Aprili wananipasua. Nitakaa nimefungwa vitambaa kama maiti ya Misri. Arlene ndiye atakayenisomea barua zako, na ndiye atakayekufungia kifurushi cha pili kutoka sanduku la vya kutoa lililo juu ya meza. Zote humo unaweza kuzikata.

Andika. Hata porojo.

Merle


Havana
18 Aprili 1994

Bwana Meaux,

Mume wangu yumo hospitalini na ameniagiza nikutumie hizi. Nimeongeza moja nyekundu ambayo hakuitaja.

Mimi si mtu wa mambo haya, lakini nadhani risasi hutengenezwa ili ipigwe. Hiyo nyekundu usiikate. Msimu ukifunguliwa huko kwenu, nenda nayo kinamasini asubuhi na mapema, uipige juu ya maji. Nitakushukuru.

Arlene Kuhlmann (Bibi)


Gueydan
6 Mei 1994

Bwana Kuhlmann!

Umeketi? Keti. Bibi Arlene, tafadhali msomee polepole.

Ni ile nyekundu. Ya karatasi, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nyekundu iliyofifia kama tofali. Kitakoni haina jina la kiwanda, namba ya ukubwa tu. Mdomo wake umekunjwa vizuri ajabu, utadhani jana. Na nyepesi! Niliiweka kiganjani nikajua kuna kitu. Bibi Arlene aliandika nisiikate, niipige juu ya maji. Nisamehe, Bibi, nilicheka, na mjomba akacheka zaidi. "Masikini," akasema, "kaolewa na mkusanyaji bado hajajua kaolewa na nini. Nani anapiga kitu kama hiki? Ni sawa na kuchanja viti vya kanisa upikie."

Kwa hiyo tumeikata. Ndani mlikuwa na baruti kidogo, kizibo cha sufi, halafu hakuna hata punje moja ya marisau! Kuna unga. Wa kijivu, wenye chembe nyeupe ndogondogo zenye vitundu, ukiziona kwa kioo cha kukuzia. Bwana Kuhlmann, ule ni mfupa. Wewe unajua kuliko mimi kwamba zamani walikuwa wakitia unga wa mifupa katikati ya marisau yasigongane. Lakini mfupa mtupu, bila marisau? Nimekesha nao kichwani. Nadhani ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa makumbusho, wa kupiga ndege wadogo bila kuharibu manyoya. Vumbi linamzimisha ndege, ngozi inabaki nzima. Sijaiona katika kitabu chochote. Mjomba naye hajaiona, na mjomba ameona kila kitu, kwa maneno yake mwenyewe.

Nimeupepeta kwa chujio la kahawa kutenganisha chembe kubwa na ndogo. Nilipiga chafya, kidogo kikaruka, nikajilaumu siku nzima. Vijiko viwili nimempelekea Bwana Pruitt, mhariri wa jarida, Missouri, apime. Amemwambia mjomba kwa simu kwamba ikithibitika ataichapisha kwa jina langu, na nikaieleze kwenye mkutano wa St. Louis mwezi wa Septemba. Mimi, kusimama mbele ya watu! Lakini kwa hii ningesimama. Nimejaribu mbele ya kioo, na sauti imetoka.

Ni zawadi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa na mtu.

O. Meaux


Havana
14 Mei 1994

Bwana Meaux,

Barua yako nimeisoma mimi. Merle bado amefungwa macho. Nilimsomea mstari wa kwanza, ule wa kuketi, halafu yaliyobaki nikayatunga. Nilimwambia mvua imeharibu mpunga wenu. Akasema, "Masikini Meaux."

Hicho ulichokipepeta ni mwanangu.

Lyle aliomba achomwe, na majivu yake yatiwe kwenye risasi, wenzake waende kinamasini siku ya kufunguliwa msimu wampige juu ya maji. Wawindaji wa huku hufanya hivyo, sidhani unashangaa. Mimi nililia nikakataa, nilitaka kaburi nitakalolipalilia. Lakini alikuwa ameomba mwenyewe, kwa kinywa chake, nami nilikuwa nimemshika mkono. Nikakubali. Merle ndiye aliyezijaza risasi, mezani kwake, peke yake. Kila mtu akapewa yake, naye akabaki na yake.

Asubuhi ile nilisimama ukingoni nimevaa buti za Lyle. Wakapiga mmoja baada ya mwingine, moshi tu na vumbi likishuka majini. Merle akapiga mwisho. Bata mmoja alikuwa anapita, akaanguka. Vijana wakashangilia, wakasema Lyle kajipatia bata wake wa mwisho, wakakumbatiana. Bwana Meaux, mimi nimelala kitanda kimoja na mwindaji maisha yangu yote. Majivu hayaangushi bata.

Nilimsubiri aseme yeye. Baadaye, siku moja droo ya kabati ilikuwa wazi, nikaiona humo risasi yake, nyekundu, juu ya pamba, kati ya vitu vyake vingine vya kutazamwa. Mtoto wangu amekuwa kitu cha kuhifadhiwa. Vipande vyake vingine vyote vimekwenda na maji, kipande chake kimoja kimefungiwa kwenye giza na harufu ya mafuta ya bunduki. Nikasubiri mwezi baada ya mwezi. Walipompasua macho nikaichukua, nikasema, mabata wetu huenda Louisiana, naye aende.

Nilikwambia usiikate. Nilikwambia.

Nakuomba kama mama. Zoa kila kilichobaki. Kile kilichokwenda Missouri kirudishwe. Mjomba wako akitie kwenye risasi nyingine akipige juu ya maji, hata leo, asisubiri msimu. Na Merle usimwambie. Akijua ni mimi, hapa hapatakalika tena.

Arlene Kuhlmann


Havana
1 Juni 1994

Rafiki yangu Meaux,

Vitambaa vimetoka. Naona mpaka mistari ya viganja vyangu, sikujua nimezeeka hivi. Mchoro wako ndio kitu cha kwanza nilichokwenda kukitazama.

Cha pili nimekikosa. Nakuuliza kwa utulivu. Katika kile kifurushi cha Aprili, palikuwa na risasi nyekundu ya karatasi, nyepesi? Kama ipo, usiikate. Nakuomba usiikate. Usimwonyeshe mtu, usiiguse, ifunge kwenye kitambaa uiweke mahali pa juu. Nitaendesha gari mwenyewe mpaka Louisiana, daktari aseme asemavyo. Kwa nini, nitakueleza tukionana. Wewe ni mtu mzima, utanielewa.

Na uniambie ilifikaje huko. Nataka kusikia kutoka kwako.

Merle


Gueydan
9 Juni 1994

Bwana Kuhlmann,

Nimeshaikata.

Niliikata Mei, kabla ya barua yako. Najua sasa ni nini. Nimekata maneno ya barua hii mara nyingi kuliko nilivyoikata risasi ile na bado sijui namna ya kukuandikia. Nilipomwambia mjomba alivua kofia. Kisha akasema, "Siku zote hizi tumekula mchuzi wetu wa gumbo, na mtoto wa watu yumo kwenye kibakuli kando ya chumvi." Akatoka nje akasimama na mbwa wake.

Nakurudishia vyote. Majivu yamo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, niliichemsha kwanza. Lile chujio la kahawa nimelisugua kwa brashi juu ya karatasi nyeupe na hiyo karatasi nimeikunja nikaitia humo. Nusu zote mbili za ganda zimo. Vijiko viwili vipo kwa Bwana Pruitt, nimemwandikia avirudishe haraka.

Uliuliza ilifikaje. Iliingia kwa bahati mbaya pamoja na zile nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Na kuna jingine, maana sitaki ufunge safari kumfuata mtu ambaye hayupo. Mimi si bwana. Mimi ni Odalie, nina umri wa miaka kumi na sita, niko shuleni kwa sababu ni mwanafunzi. Ulipoandika "Bwana Meaux" mara ya kwanza, niliisoma nikasikia kana kwamba mtu amenivutia kiti. Sikutaka kunyanyuka.

Nisamehe.

Odalie Meaux


Jarida la wakusanyaji, Missouri
15 Juni 1994

Mpendwa Bwana Meaux,

Hongera! Ni mfupa, hakuna ubishi. Nilikichoma kijiko cha kwanza, nikakitia asidi cha pili, na vyote vimejibu inavyotakiwa. Barua yako ya kuomba kurudishiwa imenikuta nimekwisha maliza. Bahati mbaya vipimo hivi havibakizi kitu. Lakini usihofu, picha nilipiga.

Ukurasa wa mbele ni wako. Nimeanza kuandika kichwa: "Risasi Isiyojulikana ya Watu wa Makumbusho." Niletee maelezo mafupi kuhusu maisha yako. Wenzetu watataka kujua huyu Meaux ametokea wapi.

T. Pruitt, Mhariri


Havana
28 Juni 1994

Binti,

Chupa imefika. Nimeipima kwenye mizani ninayopimia baruti. Sikwambii imepungua kiasi gani.

Droo ile ina ufunguo mmoja, na ufunguo huo nauvaa shingoni. Hospitalini walinivua kila kitu cha chuma wakakitia kwenye bahasha, wakamkabidhi mke wangu. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla sijakuandikia. Nilikuuliza kwa sababu nilitumaini duniani kuna mtu mmoja atakayenijibu ukweli bila kwanza kumtazama mwingine usoni. Ukaniambia bahati mbaya.

Umesomeshwa kwa lugha mbili, na umenidanganya kwa zote mbili.

Arlene atakuwa amekusimulia habari za bata. Kwa hiyo na wewe unanijua. Lyle aliomba majivu yote yapigwe, na mimi nilimkatalia kile kidogo kilichokuwa changu. Nilikuwa na bunduki begani, na risasi yake mfukoni, na kidole hakikukubali kuzibadilisha, nikapiga ile ya kawaida. Hilo si la mtoto kulihukumu. Mimi sikumkusanya, kama anavyosema Arlene. Nilishindwa tu kumwachia.

Mchoro wako nimeuondoa ukutani. Usiniandikie tena.

Kuhlmann


Havana
4 Agosti 1994

Odalie,

Ningejua wewe ni msichana nisingekuandikia. Ningetafuta mwanamume wa kufanya jambo akaniachia mimi kulifikiria.

Nilikuomba moja. Hukukataa. Ulinyamaza, kisha ukafanya kinyume, halafu ukajaribu kunifunika kwa uongo ambao hata mtoto wa chekechea angeufunua. Sijui kati ya hayo mawili lipi limeniumiza zaidi. Nadhani huo wema.

Sasa yumo kwenye chupa ya dawa, droo ileile, kitasa kipya. Merle anakula chini kwenye meza ya risasi, mimi nakula juu. Nasikia kijiko chake kikigonga sahani. Jana aliniita, nikateremka nikidhani yamekwisha. Alitaka kujua chumvi iko wapi.

Watu wa kanisani wananiuliza macho yake yanaendeleaje. Nawaambia anaona vizuri.

A.


Gueydan
11 Septemba 1994

Bwana Merle na Bibi Arlene Kuhlmann,

Uliniambia nisikuandikie, Bwana Kuhlmann. Kwa hiyo kwenye bahasha nimeandika majina yenu mawili. Mkitaka kuirudisha, irudisheni mkiwa wawili.

Kwanza, ile makala haitatoka. Nilimpigia simu Bwana Pruitt mimi mwenyewe. Mjomba alisimama karibu na mlango akiwa tayari kunipokea simu, lakini sikumpa. Bwana Pruitt alidhani amepigiwa na binti wa Meaux. Nikamwambia Meaux ni mimi, na kwamba nimekosea, ilikuwa risasi iliyojazwa upya na mtu wa siku hizi, haina lolote. Akasema, "Lakini mfupa, binti, mfupa ulikuwa mfupa!" Nikamwambia ni wa nguruwe. Alikasirika, akaniambia watu wazima wana kazi za kufanya. Hakuna anayejua jina la Lyle. St. Louis siendi.

Pili, nawaeleza nilichokifanya, maana kila mmoja wenu anakijua nusu. Bibi Arlene, uongo niliusema kwa ajili yako. Bwana Kuhlmann, majivu niliyarudisha kwa ajili yako. Nilidhani nikimpa kila mtu kitu kimoja nitakuwa nimetenda haki. Kumbe kila nilichompa mmoja nilikitoa mfukoni mwa mwenzake.

Bibi, kweli uliniambia nisiikate. Nilikusoma, nikakucheka. Niliona neno lako ni la mtu asiyejua risasi. Wewe ndiye pekee uliyejua ile ilikuwa nini, na mimi nikamsikiliza msumeno wangu. Hilo halina "kwa ajili ya" mtu yeyote. Ni langu.

Bwana, uliandika kwamba si la mtoto kulihukumu. Sihukumu. Lakini nimeushika ule unga. Nimeuona kwa kioo cha kukuzia chembe kwa chembe, nikaupenda kabla sijajua ni nani. Nadhani sisi watatu ndio tuliobaki tuliomgusa. Ndiyo maana nathubutu.

Mjomba anasema hivi, na ananisimamia nisibadilishe neno: "Waambie msimu wetu unafunguliwa Novemba. Waambie mashua yangu ni mbovu lakini ina nafasi. Waje naye wote wawili, mwanamke akae mbele, mwanamume akae nyuma, wasipotaka kusemezana mimi nitasema kwa niaba ya mashua nzima. Atakayetaka kupiga apige, atakayetaka kurudi naye nyumbani arudi naye. Lakini wafike." Kisha akaongeza, "Na waambie tuna wali wa kutosha, mvua haikuharibu kitu."

Mimi sitasema chochote. Kwa hilo nina uzoefu. Nitashika kamba ya mashua.

Jibuni hata kwa neno moja.

Odalie


(Juu ya bahasha hiyo, iliyorudishwa Gueydan na posta tarehe 3 Oktoba 1994 bila kufunguliwa, kwa wino wa bluu:)

Rudisha kwa mtumaji. Arlene haishi hapa tena. Kavunja kitasa, kaondoka na Lyle. Sijui walikokwenda.
M. K.